Diski Isiyo na Kufuli

Saa 4:10 asubuhi.

Chumba cha nyuma ya duka la kutengeneza simu. Pazia chini. Mezani, kati ya mizoga ya simu, Mkasi alichora kwa chaki: ngazi, mlango, meza saba, chumba cha ndani.

"Mchezo mpya wa kompyuta wa ofisi hii umekamilika," alisema. "Jumamosi unaingia sokoni. Sisi tunauza leo alasiri, siku mbili kabla yao. Mtu akishaupata kwetu, atahangaika kuununua kwao wa nini?"

Dereva alicheka. Fundi hakucheka. Alikuwa akizungusha bisibisi vidoleni.

Kazi ya Fundi kwenye genge ilikuwa moja: kuvunja kufuli ambazo kampuni huweka kwenye michezo ya kompyuta ili isinakiliwe. Hakuna iliyowahi kumshinda wiki nzima.

"Tungengoja Jumamosi," alisema. "Tununue kopi moja, niivunje kama siku zote."

"Jumamosi kila mwizi atakuwa nayo. Vipi, roho inakusuta?"

Ilikuwa inamsuta. Katika ofisi ile alikuwa akifanya kazi dada yake. Yeye ndiye aliyesimulia nyumbani kwamba mchezo uko kwenye kompyuta ya chumba cha ndani, isiyounganishwa na mtandao, na kwamba saa saba wote hutoka kwenda kula. Fundi akayarudia mbele ya Mkasi, katika kupiga soga tu. Maneno ya mezani kwa mama yakageuka ramani ya chaki.

"Mlinzi ni mzee," Fundi alisema. "Haguswi."

"Nimeshakuahidi."

"Niahidi tena."

"Haguswi, bibi harusi. Umeridhika?"

Saa 7:05 mchana.

Gari likabaki linanguruma nje ya ofisi. Mlinzi aliinuka kitini, akafungua mdomo kuuliza. Mkasi akampiga kwa chuma. Mara moja. Mzee alikaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka, damu ikishuka sikioni.

"Ulisema—"

"Panda ngazi!"

Meza saba. Viti vitupu. Mlango wa ndani ulikuwa wazi, na Dada alikuwemo.

Hakwenda kula. Alikuwa ameketi mbele ya kompyuta, kijiko mkononi, bakuli pembeni. Aliwaona watu wawili wenye barakoa akainua mikono, na kijiko chake.

Diski ilikuwa imechomekwa kwenye kompyuta. Ndogo, kama kipande cha sabuni. Taa yake ya buluu ilikuwa ikipepesa.

"Chomoa twende!" Mkasi alifoka.

Mkono wa Fundi haukwenda kwenye waya. Ulikwenda kwenye kipanya. Akabofya: ondoa kwa usalama. Akangoja. Ukichomoa diski inapoandika, unaweza kuharibu kazi yote, na hii ilikuwa kazi ya miaka mitatu.

Sekunde tatu. Nne.

"Unafanya nini wewe? Unaaga?"

Taa ikazima. Fundi akachomoa.

Dada alikuwa akiutazama ule mkono. Aliutazama muda mrefu. Kisha akasema, kwa sauti ndogo:

"Haina kufuli. Jumamosi mngenakili mtakavyo. Lakini mauzo ya siku za kwanza ndiyo yanayotuweka mjini. Mkiyaharibu, ofisi inafungwa."

Mkasi alishaanza kushuka ngazi.

Saa 8:20 mchana.

Nyuma ya duka, mchezo ulifunguka mara moja. Haukuomba namba, haukuomba mtandao. Fundi aliupekua ndani na nje. Kweli, hapakuwa na kitu cha kuvunja.

"Basi leo wewe huna kazi," Dereva alisema.

"Wajinga hawa," Mkasi alisema. "Nani anajenga nyumba asiweke mlango?"

"Mchezo wao wa kwanza waliufunga," Fundi alisema. "Ulidai mtandao kila ukiuwasha. Mtandao ukikatika, huchezi. Nusu ya watu walioniletea niuvunje walikuwa na risiti. Walishalipa, Mkasi. Kufuli yao ndiyo iliyokuwa inaniletea wateja."

"Na nusu nyingine?"

"Hao walitaka vya bure."

"Unaona? Sasa sikiliza. Wachuuzi wanakuja saa tisa na nusu. Nikiwapa hivi ulivyo, wa kwanza atawanakilia wenzake, mimi nibaki nimekodoa macho. Tia kufuli yetu. Kwenye diski na kwenye kila kopi."

Fundi akacheka. Kwa mara ya kwanza siku ile.

"Tunaweka kufuli sisi? Tunaogopa wezi?"

"Fanya kazi."

Fundi aliitazama mikono ya shati la Mkasi. Damu ya mzee ilikuwa imekauka pale. Akageukia kibodi. Neno la siri lilipoombwa, alifumba macho, akaviachia vidole vikimbie juu ya vibonye, huku na huku, mpaka vikachoka. Akanakili neno lile mahali pa kulithibitisha bila kulisoma. Akabonyeza. Akalifuta.

Kisha akatoa kopi za wachuuzi, kila moja na kufuli ileile.

Saa 9:35 mchana.

Mchuuzi wa kwanza alichomeka kopi yake kwenye kompyuta ndogo. "Inataka neno la siri."

"Mpe," Mkasi alisema.

"Silijui," Fundi alisema.

"Usinitanie."

"Halijui mtu yeyote. Na sijaacha kopi nyingine."

Mchuuzi alikusanya vitu vyake, akaondoka bila kuaga. Mkasi alifunga mlango. Akachukua kile chuma. Akaulaza mkono wa Fundi mezani, juu ya ramani ya chaki.

Kidole cha kwanza. Fundi alipiga ukelele. Cha pili.

"Dereva! Mshike!"

Dirisha lilikuwa wazi. Nje, gari likanguruma na kutokomea. Dereva alikuwa ameyasikia magari ya polisi kabla yao.

Mlango ukavunjwa. Mkasi akaangushwa sakafuni, akitukana. Nyuma ya askari alisimama Dada.

Alipiga magoti. Akafungua mtandio wake, akaufunga mkono wa Fundi, polepole, kama alivyokuwa akimfunga vidonda walipokuwa wadogo.

"Ulinijuaje?"

"Mwizi gani anangoja taa izime?" Alikaza fundo la mtandio. "Wewe ndiye uliyenifundisha kungoja. Nikawaleta polisi hapa kwako, mimi mwenyewe. Nisamehe."

"Mzee?"

"Ameshonwa. Yuko hai."

Askari aliinua diski. "Hii ni yenu? Huyu hapa chini anasema imefungwa. Tuitafutie mtaalamu?"

"Mkimaliza nayo, ifuteni," Dada alisema. "Nakala tunayo ofisini. Na sisi hatuuzi kitu chenye kufuli."

Wakamwinua Fundi. Mlangoni aligeuka.

"Jumamosi watanunua kweli? Na mlango wazi hivyo?"

"Sijui, mdogo wangu." Dada alifuta macho kwa kiganja. "Usiku silali kwa hilo."

"Niwekee kopi moja."

"Utanunua," alisema Dada.