Karatasi Niliyomwamini Nayo Dada Minza

Wapenzi wasomaji, nina miaka thelathini na sita, ni mwalimu wa hisabati katika shule moja ya msingi huku Kasoli, Bariadi. Kwetu ni Lindi, Simiyu nililetwa na ajira. Nawaandikia nikiwa bado na hasira, sifichi!

Nilipofika sikujua hata kuitikia "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Wasukuma. Aliyenifundisha ni Mwalimu Minza, mwenyeji, jirani yangu kwenye nyumba za walimu. Tulipika pamoja, tukasengenya pamoja... Amenizidi miaka, nikawa namwita dada.

Minza ndiye mwezeshaji wa mafunzo yetu ya kazini. Kila Jumatano, vipindi vikiisha, tunakaa walimu wote na kila mmoja anataja mada inayomshinda ili wenzake wamsaidie. Siku moja alitugawia karatasi.

"Andika ukweli, mdogo wangu," aliniambia. "Hii inabaki kwangu."

Nikaandika! Kwamba kwenye kugawanya sehemu najua kupindua ile ya pili, ila mtoto akiniuliza kwa nini tunapindua, sina jibu. Darasa la saba nilikuwa nalo mwaka wa nne. Ndilo lililonipa heshima hapa ugenini.

Wiki iliyofuata mkuu wa shule akaniita. Karatasi yangu ilikuwa mezani kwake! Akasema la saba atalichukua Mwalimu Minza, mimi nishuke la nne.

Nilimfuata Minza nikamuuliza kwa nini. Akajibu bila aibu, "Ungeumbuka kwenye mtihani. Nimekusitiri."

Kunisitiri? Kwa mkuu wa shule? Nililia wiki nzima.

Lakini baya zaidi nililifanya mimi mwenyewe... Tangu hapo kila Jumatano naandika "sina tatizo". Juzi nikawafundisha la nne kwamba bustani yenye mzingo mkubwa lazima iwe na eneo kubwa. Moyoni sikuwa na uhakika, nikaona haya kuuliza. Binti mmoja, Kabula, akaenda kupima matuta ya mchicha kwa kamba, akarudi.

"Mwalimu, mbona haiji? Lile tuta jembamba lina mzingo mkubwa, lakini eneo dogo."

"Kaa chini!" nilimfokea. Usiku ule nikasoma kitabu upya. Alikuwa sahihi!

Nawasihi walimu wenzangu, mkiaminiwa mkaambiwa udhaifu wa mtu, utunzeni. Na wewe uliyesalitiwa, usiache kuuliza kama nilivyofanya mimi, maana wanaoumia ni watoto. Nimelisahihisha somo lile ubaoni, nikaomba radhi mbele ya darasa zima...

Kabula hanyooshi mkono tena.