Yai la Mwaka Mrefu

Jumatatu ya Pasaka, soko la mji wa juu wa Luxembourg lilijaa milio ya filimbi za udongo zenye umbo la ndege. Léonie, koti la kijani na skafu nyekundu, alikuwa akichagua ndege wake, mara kijana mmoja akampulizia filimbi sikioni.

"Samahani, dada! Nilidhani halii."

"Analia vizuri kuliko unavyoongea Kiluxemburgi."

"Basi nifundishe. Nina mtihani wa uraia."

Aliitwa Delfim, fundi wa mapaa kutoka Ureno. Siku ya kwanza ya masomo aliosha vyombo vya mama yake Léonie bila kuambiwa. Kitenzi alichokipenda kilikuwa *bestueden*, kufunga ndoa.

"*Ech bestuede mech*, ninaoa," Léonie alimwanzishia. "*Du bestueds dech*, unaoa. *Hie bestuet sech*, anaoa."

"Limetoka wapi neno hili?"

"Zamani lilikuwa kumweka mtu mahali pake. Jirani zetu Wajerumani wamelibakiza kwa maiti: kuzika."

"Mungu wangu! Kumbe ndoa na kaburi ni ndugu?"

"Acha utani wako. Haya, sema ya sisi."

"*Mir bestueden*... Hiyo naiweka, mpenzi. Nitaimaliza siku yenyewe."

Kwa Waluxemburgi, Jumapili moja ya Kwaresima, mwanamume humpelekea msichana mkate wa kusokotwa. Akikubaliwa, hupewa yai siku ya Pasaka. Mwaka mrefu, ule wa siku 366, mambo hugeuka: msichana ndiye hutoa mkate, na mwanamume akikubali hutoa yai. Mwaka uliofuata ulikuwa mrefu. Léonie alimpelekea Delfim mkate. Alimbusu, akaenda kuula na mafundi wenzake.

Pasaka ikaja bila yai. Léonie akajua amekataliwa, na fahari ikamziba mdomo. Delfim alipiga simu, ikalia, ikalia, hata akachoka. Majira ya baridi Norbert wa posta alileta posa, Léonie akakubali, akaolewa naye.

Jumapili ya mikate ilipozunguka tena, mlango uligongwa. Delfim, amelowa mvua, yai jekundu kiganjani.

"Mama wa duka la mikate amenieleza leo. Léonie, sikujua. Niliona mkate tu."

"Nami nilidhani unajua." Akaficha mkono wenye pete, akachelewa.

Delfim aliitazama pete. "Hongera."

"Na mtihani?"

"Nimefaulu. Waliniuliza ile ya sisi, nikanyamaza. Wakanikata alama."

Léonie alivua skafu, akamfuta mvua usoni, akapokea yai. Lilikuwa na joto la kiganja cha Delfim.

"Nani huyo, mpenzi?" Norbert aliita kutoka jikoni.

"Mtu tu," alijibu, akifunga mlango polepole. "Kaniletea kitu changu."