Mafuta ya Kyakimwa

Nilichokiona kwa macho yangu na kukipapasa kwa mikono yangu, hicho nakisimulia. Siongezi, wala sipunguzi.

Jioni ile nilikuwa nimemaliza kazi mjini Beni, nikifunga begi la vyombo nirudi kwangu Butembo, simu ilipolia. Mimi ni Jokébed, shemasi wa kanisa na fundi wa mitambo ya sola. Ufundi huu niliurithi kwa marehemu mume wangu. Aliyepiga ni Papa Apollinaire, mwenye duka na rais wa komite ya kituo cha afya katika kijiji kimoja kwenye barabara ya Mangina.

"Mama Jokébed, panya bamekula tena nyaya zangu," alisema. "Kuja leo. Joyeuse iko na uchungu, na nyumba iko giza."

Joyeuse ni binti yake wa pekee. Nikapanda pikipiki. Dereva alinishusha mlangoni akageuza bila hata kuzima injini, kwa maana jua likitua askari huifunga barabara ile, na hapiti mtu hadi asubuhi. Hapo nikaelewa. Mwanamke aliyemo humo hawezi kupelekwa popote. Atazaa kwa mwanga nitakaouwasha mimi, au atazaa gizani.

Chumbani Joyeuse alikuwa amelala ubavu, amekaza meno. Muuguzi Bénie alikuwa amepiga magoti kando yake, simu yake yenye tochi ameibana kwa kidevu.

"Karibu, mama shemasi," alisema bila kugeuka. "Hii telefone inaenda kufa. Mutoto amekaa vibaya. Kama sioni, sitaweza."

"Kwa nini hamkumpeleka kuzalia maternité ya kituo? Si pale tu, ng'ambo ya uwanja?"

"Maternité haina taa."

Alisema hivyo akimtazama Apollinaire, si mimi. Naye Apollinaire akatazama sakafu.

Nikaanza kazi. Nilipanda juu ya paa kabla mwanga wa mwisho haujakwisha, nikapima paneli: nzima. Nikapima betri: imejaa. Kidhibiti cha chaji kilikuwa hai, na taa zenyewe hazikuwa na kasoro.

"Umeme upo, Papa," nilimwambia. "Kilichokatika ni njia."

Nikauvuta waya kutoka ndani ya bomba la plastiki ukutani. Ulitoka umechunwa ngozi yote, shaba yake ikiwa wazi kama mfupa. Na pamoja nao ikatoka harufu.

Mawese.

"Nani alitia mafuta humu?"

"Bale bafundi ba kwanza. Waya ilikatala kupita mu tube. Bakaipaka mafuta, ikateleza."

"Basi mmewaandikia panya meza. Kila waya mpya unaoupitisha humo unanuka chakula."

Akacheka kidogo, kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Donc ni mafuta tu?"

"Ni mafuta tu," nikajibu. Na niliamini.

Niliacha bomba lile. Nikanawa mikono kwa sabuni, nikachukua waya mpya kutoka kwenye begi langu, nikaupitisha nje, juu ya ukuta, pasipo tone la mafuta. Nikaunga. Nikafunga kwa utepe. Taa ikawaka.

"Wasingya, Yesu," akasema Bénie kwa Kinande, akishukuru, na Joyeuse akashusha pumzi.

Kisha...

Krr. Krr. Krr.

Juu ya dari.

Taa ikazimika.

Nilifuata waya kwa vidole. Haukuwa umetafunwa. Ulikuwa umekatwa mahali pawili, safi kabisa, kama mkunga akatavyo kitovu.

Nikatoa ngazi nje ili nichungulie chini ya mabati. Giza lilikuwa limeingia. Nilipofika juu na kuwasha tochi yangu ndogo ya kichwani, niliwaona. Walikuwa wamejipanga juu ya ukuta, bega kwa bega, kimya, nyuso zao zimeelekea chumba cha Joyeuse. Panya hukimbia mwanga. Hawa hawakukimbia. Walikuwa wakingoja.

Ngazi ikayumba. Kisha ikatulia. Nikatazama chini, nikaona mwanamke ameishika kwa mikono miwili. Kitenge chake kilikuwa kimelowa kuanzia kiunoni hadi chini, na kichwa chake ameinamisha. Nikadhani ni jirani.

"Asante, mama," nikamwambia.

Akanong'ona.

"Hii taa... ni ya wapi?"

"Ni ya nyumba hii."

"Hapana."

Upepo haukuwepo. Hata mbwa wa kijiji walikuwa wamenyamaza.

"Niliingoja," akasema. "Niliingoja... niliingoja... haikukuja."

Nilishuka upesi. Hapakuwa na mtu. Lakini juu ya mbao za ngazi palibaki alama za viganja viwili, nyekundu, zikiteleza. Nikagusa. Mawese. Yalikuwa na joto, kama yaliyotoka sasa hivi mwilini mwa mtu.

Nikaingia ndani. Nikamwuliza Bénie mbele ya wote, "Ni nani aliyefariki hapa akingoja taa?"

Muuguzi akafumba macho.

"Kyakimwa," akasema. "Alikuja kuzaa maternité wakati wa mavuno. Panneau na batri na taa zote, Papa Apollinaire alikuwa amezing'oa, akasema anazichunga kwake juu ya bezi, basiziibe. Damu ikaanza kutoka. Sikuona inatoka wapi, mama. Nilikuwa ninashona kwa kupapasa. Nilipapasa mpaka akapoa. Mutoto naye akamufuata."

"Na mafuta?"

"Mama yake alikuwa amemuletea chupa ya mawese, ya kumupikia akisha kuzaa. Ilibaki chini ya kitanda. Bafundi walipokuja kutoa nyaya ziletwe hapa, wakaikuta, wakaitumia."

Nikamgeukia Apollinaire. Jasho lilikuwa likimtiririka.

"Ni yule mama yake," alisema. "Ule muzee ni mulozi. Yeye ndiye anatuma panya. Kesho nitaita bijana, bamutoe mu kijiji."

"Nyamaza," nikamwambia. "Umemzika binti yake, sasa wamtafuta mama? Damu iliyomwagika haihitaji mchawi wa kuisemea. Inalia yenyewe kutoka katika udongo. Na taa ya dhalimu huzimika hata kama hakuna wa kuipuliza. Rudisha ulichokitwaa. Sasa."

"Kesho, mama shemasi. Nitarudisha kesho."

"Binti yako hana kesho."

Hapo tukasikia sauti darini. Ndogo. Nyembamba.

Kilio cha mtoto mchanga.

Joyeuse alikuwa bado hajazaa.

Ni Joyeuse mwenyewe aliyesema, kupitia meno yaliyokazwa: "Baba. Rudisha. Ama unataka nilale pale Kyakimwa alilala?"

Apollinaire akaanguka magotini akalia, nami, Mungu ashuhudie, nilimhurumia. Mtu hupotea kidogo kidogo. Huanza kwa kuchunga cha wengine, huishia kukipenda. Majirani wakaitwa. Wanaume wakambeba Joyeuse kwa tipoi, machela ya miti, wengine wakabeba betri, kidhibiti na kapu la taa. Paneli tulikubaliana ishuke asubuhi.

Mlangoni nilimshika Apollinaire mkono. "Yote, Papa. Unamjua yule wa Biblia aliyezika nyara chini ya hema lake, na taifa zima likapigwa kwa ajili yake. Isibaki hata taa moja."

"Yote," akasema. "Naapa. Mimi nabaki kuchunga duka."

Maternité ilinuka vumbi na mikojo ya panya. Kinyesi chao kilitapakaa hadi juu ya mizani ya watoto. Nikamulika nyaya chache za zamani zilizosalia ukutani, nikitazamia uharibifu. Zilikuwa nzima. Hapakuwa na alama ya jino hata moja. Panya walikuwa wameishi juu yake muda wote huo, na hawakuzigusa.

Nikaunga. Chumba kikajaa nuru.

Mtoto alikuja kwa shida, lakini alikuja, msichana, akapiga kelele. Kisha damu ikafuata, nyingi, na nikauona uso wa Bénie ukibadilika. Akainama. Akatazama. Mikono yake ikajua pa kwenda.

"Ninaona," alikuwa akisema, machozi yakimdondoka. "Ninaona. Ninaona."

Damu ikakoma.

Ni baada ya hapo, nikikusanya vyombo vyangu, nilipoinua macho nikaona soketi moja haina taa. Ilikuwa juu ya kitanda cha pembeni. Nikageuza kapu. Tupu.

"Kitanda kile ni cha nani?" nikauliza, ingawa nilikwisha kujua.

"Cha Kyakimwa," akasema Bénie.

Kulipokucha tulikwenda kwa Apollinaire. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, wanaume wakausukuma. Alikuwa ameketi kitandani, amevaa shati lake la jana, na mapajani ameipakata ile taa. Alikuwa ameiunga kwa betri ndogo ya dukani. Ilikuwa inawaka. Alikuwa ameikazia macho, hapepesi.

"Mama Jokébed? Ni weye?" akasema. "Mungu akubariki. Washa basi taa. Nimeita usiku muzima, hakuna mutu anawasha."

Tulimpeleka hospitali. Daktari alimchunguza kwa mashine zake, kisha akaniita kando kama ndugu wa mgonjwa.

"Macho ni mazima," alisema. "Ubongo nao ni muzima. Kilichokatika ni njia kati yao. Inaweza kuwa presha, mshtuko... inatokea."

Nikatafuta kiti nikaketi.

Sasa Joyeuse amepona, na maternité ya kijiji kile inawaka kila usiku. Panya wapo, nyaya hawazili. Bibi yule aliyeitwa mchawi huketi pale akiwapikia wazazi wapya, kwa mawese yake mwenyewe. Nami nafundisha kanisani kwamba kisasi ni cha Bwana, kwamba mwanadamu asikinyoshee mkono. Nafundisha hivyo kwa moyo wote. Lakini aliyenishikia ngazi jioni ile hakuwa Bwana.

Wiki iliyopita nilikwenda kumwombea Apollinaire. Tulimsamehe mbele ya mama yake Kyakimwa, akalia, na bibi akamfuta machozi kwa kitenge chake mwenyewe. Nikadhani limekwisha. Lakini wengine walipotoka alinivuta mkono.

"Mama shemasi," akanong'ona, "usiku nawasikia. Hawako tena darini."

Nikaweka kiganja changu juu ya paji la uso wake ili nimwombee. Ngozi ilikuwa ikiteleza. Harufu ikapanda... ile ile.

Na chini ya kiganja changu, ndani, nyuma ya mfupa...

Krr. Krr. Krr.