Alama kwenye Chuma cha Baba

Kila siku baada ya shule Kucha alivua viatu mlangoni, akala alichoachiwa, akaosha sahani, kisha akanawa mikono mara ya pili kwa sabuni. Baba yake alimfundisha hivyo: mkono wenye mafuta usiguse nyuzi. Ndipo alipofunua shuka lililofunika gita.

Halikuwa gita la kukumbatia. Lilisimama kwa miguu minne kama meza nyembamba, nyuzi kumi zimelala juu, na chini kulikuwa na pedali tatu za kukanyaga. Mkono wa kulia ulivaa kucha za chuma za kudonolea nyuzi. Mkono wa kushoto ulishika kipande cha chuma cha mviringo, kinene kuliko kidole gumba, chenye ncha butu inayong'aa. Hicho ndicho kilichotelezeshwa juu ya nyuzi ili sauti ipande na kushuka kama mtu anayeimba. Nyumbani walikiita chuma, basi.

Jina la Kucha lilitoka kwenye zile kucha za chuma. Alipokuwa na miaka mitatu alizunguka nyumba nzima amevaa kucha za baba, akikwaruza masufuria. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Sasa Kucha alikuwa na miaka kumi na miwili, na baba alikuwa mwaka wa pili huko mbali, akichomelea mabomba kwa mkataba wa miaka mitatu. Alipiga simu kila Jumapili saa kumi alasiri, kwenye simu ya shangazi aliyeishi na Kucha.

"Unajua nini, mama?" alimwambia bintiye Jumapili moja. "Nimeanza kusahau sauti ya gita langu. Naitafuta nikiwa kazini, naipata nusu, halafu inatoroka."

"Nitakupigia ule wimbo wako wa Jumapili," Kucha alisema. "Nipe wiki sita."

Zikabaki wiki mbili, na wimbo ulikuwa haujatoka.

"Huyo ng'ombe anayelia humo atazaa lini?" Domo aliuliza dirishani. Domo alikuwa mtoto wa shangazi, na kunyamaza hakukujua.

"Nenda kacheze mpira!"

"Nilikuwa nacheza. Ng'ombe wako amewakimbiza wenzangu."

Shangazi, aliyekuwa akishona sare chumba cha mbele, alisimamisha cherehani. "Domo, toka hapo kabla sijaushona huo mdomo."

Lakini Domo alisema kweli. Sauti ilikuwa ngumu, na kila mara ilisimama kando kidogo ya pale inapotakiwa.

Jumamosi alikuja Fundi Kereza. Aliitwa hivyo kwa sababu alikuwa na mashine ya kukerezea vyuma, na zamani alipiga gita la besi katika bendi moja na baba. Alimsikiliza Kucha amekunja mikono.

"Acha. Unabonyeza. Chuma hakibonyezwi, kinakaa tu juu ya nyuzi kwa uzito wake. Kiweke juu kabisa ya mstari uliochorwa chini ya nyuzi, si kabla, si baada. Vidole vya nyuma vilaze kwenye nyuzi vizime makelele. Haya, sasa kibingirishe kidogo, mbele na nyuma, sauti itetemeke."

Kucha alijaribu. Chuma hakikubingirika.

"Legeza, mwanangu. Umekishika kama kuku anayetaka kuruka." Fundi alitoa mfukoni chuma kingine, chembamba zaidi. "Hicho kizito kwako. Mkono wa baba yako ni koleo, wako bado ni mkono. Jaribu hiki."

Kucha alikitelezesha mara moja, na gita likaimba. Hata cherehani chumba cha mbele ilinyamaza. Akakirudisha haraka kama aliyeungua.

"Sikitaki. Si cha baba."

Hilo lilikuwa kweli. Zamani baba akimaliza kupiga alimpa chuma akishike, nacho kilikuwa na joto la mkono wake. Siku hizi Kucha alikikuta cha baridi kila alipofunua shuka. Alikibana kiganjani mpaka kipate joto, akafumba macho, na kwa dakika moja ilikuwa kama baba ametoka kidogo tu.

Lakini hakusema yote, na Fundi aliona.

"Tangu nikae hapa kidole chako gumba hakihami hapo ubavuni. Nipe."

Fundi alikizungusha chuma vidoleni, akapitisha ukucha juu yake. Ukucha ukakwama.

"Nani kakigonga?"

"Kilianguka."

"Kingeanguka kingeumia ncha. Kishimo hiki kiko ubavuni, kina duara. Miaka thelathini nashika vyuma, usinichezee. Hii ni alama ya msumari wa zege."

Kucha alitazama ukutani. Juu ya gita kulikuwa na picha ya baba, amevaa shati la mistari. Wiki nne zilizopita aliamua kuitundika, ili baba amwone akijifunza. Nyundo haikuonekana, na chuma kilikuwa mkononi. Tangu siku ile alikishika kwa nguvu ili kishimo kibaki juu, kisigeuke kikakwaruza nyuzi watu wakasikia. Akasema yote, machozi yakidondokea pedali.

Fundi aliutazama msumari. "Umeupiga ukanyooka, lakini." Kisha akaacha mzaha. "Naweza kukikereza, kishimo kiishe. Kitapungua unene na uzito, kitakuenea. Ila hakitarudi kuwa kile, na mwenyewe yuko hai. Muulize."

Usiku ule ulikuwa mrefu. Jumapili saa kumi simu ilipolia, Kucha hakungoja salamu ziishe. Alisema yote, akauliza kama kikerezwe.

"Kishimo kikubwa?" baba aliuliza.

"Kama kichwa cha kiberiti."

"Kwa ajili ya picha ipi?"

"Ile umevaa shati la mistari."

"Lile shati lilikuwa linanibana," baba alisema. "Sikiliza, mama. Siku ya kukinunua nilijaribu vyuma vinane dukani, muuzaji akanichoka. Kizito kilinichosha mkono. Chepesi kilinipa sauti nyembamba. Nikachukua kilichokaa mkononi mwangu bila kukibana. Nilikichagulia mkono wangu, si wako. Mwambie Fundi akikereze. Lakini wiki nne hukuniambia?"

"Niliogopa, baba."

"Hilo ndilo limeniuma. Chuma ni chuma tu."

Jumatatu Kucha alisimama kwenye karakana ya Fundi, miwani yake mikubwa ya kazi ikimteleza puani. Chuma kilizunguka kwenye mashine, nyuzi nyembamba za chuma zikajikunja na kuanguka. Alipotaka kuokota mmoja Fundi alimfokea kwamba utamkata, kisha mwenyewe akaufunga kwenye karatasi, akampa. Walipima, wakakipunguza tena, wakakisugua kwa msasa laini mpaka Kucha akaona meno yake humo.

Mkono ulilegea siku ya kwanza. Wimbo ulichukua siku zote zilizobaki.

Jumapili ya ahadi shangazi aliweka simu juu ya kiti, Fundi akakaa mlangoni, na Domo aliambiwa akikohoa atalala nje. Kucha alipiga. Alikosea mahali pawili, akaendelea. Sauti ya mwisho aliitikisa polepole mpaka ikazimika yenyewe.

Kucha aliinama juu ya simu.

"Baba? Imekatika?"

"Haijakatika," baba alisema. "Piga tena."

Alipiga mara tatu, mpaka muda wa baba ukaisha.

Fundi Kereza aliinuka, akavaa kofia. "Umeona? Mkono uliokuwa ukificha haukuweza kupiga, maana ulikuwa na kazi mbili. Ukiharibu kitu cha mtu, mwambie siku hiyo hiyo. Utafokewa, ndiyo, halafu mikono yako itakuwa huru. Na chombo chagua kinachokutosha wewe, hata kama cha baba yako unakipenda zaidi."

"Ndiyo, Fundi."

Zaidi ya mwaka ulikuwa bado kabla ya baba kurudi. Kucha alikifuta chuma, na kabla ya kukirudisha chini ya shuka alikishika kidogo. Kilikuwa na joto.