Shangazi wa Kwenye Picha

Chiriku hakuwa na mama, kwa kuwa mama alifariki yeye akiwa bado anatambaa. Hakuwa na baba wa kumwona kila siku, maana baba alikuwa dereva wa lori, na alifika nyumbani kwa nadra kama mvua ya kiangazi. Hakuwa na kitanda chake. Alilala na bibi, na bibi akianza kukoroma hata ukuta ulisikia. Hakuwa na simu, wala meza ya kusomea isipokuwa ile ya kupigia pasi. Hakuwa na subira hata ya kungoja uji upoe. Alichokuwa nacho tele ni maneno, na kwa ajili hiyo mtaa mzima ulimwita Chiriku, jina la ndege asiyejua kunyamaza.

Lakini alikuwa na Shangazi.

Shangazi alikuwa amefundisha Kiingereza kwa miaka mingi, mpaka mwenye shule alipouza majengo na walimu wakaambiwa wachukue chaki zao waende. Sasa alipiga pasi mashuka katika chumba cha kufulia cha hoteli. Alirudi jioni amechoka, viganja vimekauka kwa joto la pasi, lakini hakukosa kumfundisha mtoto wa kaka yake.

"Shikamoo Shangazi!"

"Marahaba. Leo umeona nini njiani? Niambie kwa Kiingereza."

"Nimeona mbwa."

"Mbwa yupi? Alikuwa na furaha au na njaa? Alikuwa anakwenda wapi? Mbwa mtupu kila mtu anamwona."

Hivyo ndivyo alivyofundisha, na ndiyo sababu Chiriku aliongoza darasa la sita katika somo hilo.

Shangazi alitamani kurudi darasani kuliko alivyotamani chakula. Alikuwa amesikia kwamba nchi za mbali zinatafuta walimu wa Kiingereza, akaanza kuomba. Mara mbili alisailiwa kwa simu, akasifiwa. Mara zote mbili aliombwa picha, na picha ilipofika, simu ikawa kimya kama kaburi.

Jioni moja wakala mwingine alipiga simu. Huyu alikuwa mtu wa kwao aliyehamia ng'ambo zamani, na kazi yake ilikuwa kuzitafutia shule walimu. Shangazi alikuwa anapiga pasi gauni, kwa hiyo aliiweka simu mezani na kuifungulia sauti. Chiriku na bibi wakasikia kila neno.

"Dada, Kiingereza chako ni maji ya kunywa," wakala alisema. "Cheti unacho, uzoefu unao. Sasa nitumie picha. Lakini iwe picha nzuri."

"Picha nzuri ndiyo ipi, kaka?"

Wakala alikohoa. "Unajua wazazi wa huku. Wanalipa ada kubwa. Wakimwona mwalimu, wanataka waone sura ya Kiingereza."

"Kiingereza kina sura?"

"Kina, dada. Nyeupe. Sikuitunga mimi hiyo, nakuambia ilivyo."

Simu ilipokatika, Shangazi aliendelea kupiga pasi gauni lile lile, mahali pale pale, mpaka bibi akamwambia, "Mwanangu, utaliunguza."

"Mama, umemsikia?"

"Nimemsikia. Kumbe mwalimu huchaguliwa kama nyanya sokoni, kwa kutazamwa ganda!"

"Nitapeleka picha hivyo hivyo," Shangazi alisema. "Huenda safari hii watasoma na cheti."

Jumamosi walikwenda studio ya mtaani. Shangazi alipigwa picha, kisha akatazama saa na kuruka. Zamu yake ilikuwa imefika. Alimwachia Chiriku karatasi yenye anwani ya wakala. "Ikiwa tayari, fundi aitume kwa kompyuta yake. Wewe hakikisha tu anwani haina kosa. Sawa?"

"Sawa, Shangazi."

Studio ile ilikuwa na desturi yake. Ukutani walining'inia mabibi harusi, wahitimu na wazee wa heshima, wote wana rangi moja ya chai iliyozidi maziwa, kana kwamba walizaliwa tumbo moja. Mtaa ulikwisha zoea. Mtu aliyechukua picha yake bila kung'arishwa alionekana hana hela au hana haya.

"Nimwache alivyo, au nimng'arishe?" mpiga picha aliuliza, kama muuza duka anayeuliza kilo au nusu.

Chiriku alikumbuka maneno ya wakala. "Mng'arishe."

"Kidogo?"

"Sana. Mpaka awe na sura ya Kiingereza."

Mpiga picha alicheka. "Haya, bosi."

Kila alipobonyeza, uso wa Shangazi ulizidi kupauka. Pua ikachongwa. Nywele zikanyooka. Kovu dogo juu ya nyusi, alilolipata utotoni alipokuwa akimkimbiza kaka yake, likafutika. Hapo moyo wa Chiriku ulimwambia, "Acha." Lakini mkono wa mpiga picha ulikuwa tayari juu ya kitufe.

"Nitume?"

"Tuma."

Jioni Shangazi aliuliza, "Picha imetokaje?"

"Imetoka nzuri," Chiriku alijibu. Kisha akakimbilia nje kabla hajaulizwa tena.

Majibu hayakuchelewa. Shule ilimsaili kwa simu, ikamsifu na kufurahi mno. Mkataba ulikuja kwa posta ndani ya bahasha nene, na wakala alieleza kwamba limebaki jambo dogo tu: Shangazi aonane na mwalimu mkuu kwenye skrini, akaribishwe, kisha atie sahihi. Bibi alipiga vigelegele hadi jirani akaja kuuliza nani anaolewa. Shangazi alikwenda hotelini kuaga kazi.

Aliposikia hayo, Chiriku alishindwa kula. Alinyamaza siku nzima. Bibi akamwekea kiganja kwenye paji la uso, akasema, "Mtoto huyu anaumwa. Hajawahi kukaa kimya tangu aote meno."

Siku ya kuonana ilifika. Kompyuta waliazima kwa jirani, wakaiweka juu ya meza ya kupigia pasi. Shangazi alivaa blauzi yake ya buluu ya ualimu. Bibi alikaa pembeni, na Chiriku alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje.

Wakala alitokea upande mmoja wa skrini, na mwalimu mkuu, mwanamke wa makamo, upande wa pili. Mwalimu mkuu alianza kutabasamu, kisha tabasamu likaganda.

"Samahani, mama," alisema kwa Kiingereza. "Tunamsubiri mwalimu."

"Ndiye mimi," Shangazi alijibu kwa Kiingereza safi. "Habari za huko?"

Mwalimu mkuu hakujibu salamu. Aliinua karatasi iliyochapwa picha. Shangazi alisogea karibu na skrini, akaitazama kwa muda mrefu.

"Huyu ni nani?"

"Hilo nakuuliza wewe. Shule yetu haiajiri wadanganyifu."

Skrini ikazimika. Katika kioo cheusi ulibaki uso wa Shangazi mwenyewe, na kinywa kimefunguka kama mtu aliyekatizwa katikati ya neno.

"Wamekuchanganya na mtu mwingine!" bibi alifoka. "Watu gani hawa!"

Chiriku alitamani ule mguu wa nje uuvute wa ndani ikimbie pamoja. Badala yake alikwenda kupiga magoti mbele ya meza.

"Si wao, Bibi. Ni mimi. Nilimwambia mpiga picha amng'arishe Shangazi." Machozi yalimtangulia maneno. "Nilitaka tu wakuchukue, Shangazi. Wakala alisema…"

"Wakala nilimsikia. Sasa nataka kukusikia wewe," Shangazi alisema taratibu, na upole ule ulimuuma Chiriku kuliko fimbo. "Ulipoitazama ile picha, ulimwona shangazi yako?"

"Hapana."

"Ulimwona nani?"

"Sijui. Mtu tu."

"Basi huyo mtu tu ndiye aliyepewa kazi. Mimi bado sijaulizwa."

Bibi alitikisa kichwa. "Njia ya mwongo ni fupi, mjukuu wangu. Yako imeishia hapa hapa mezani."

Kabla machozi hayajakauka, simu ililia, Shangazi akaifungulia sauti. Alikuwa wakala tena, sauti yake laini kama mafuta.

"Dada, usikate tamaa. Nimezungumza na mwalimu mkuu. Sauti yako wanaipenda. Kuna madarasa ya kwenye kompyuta, wanafunzi hawamwoni mwalimu, wanaona picha tu. Watabaki na ile ile picha uliyotuma, na jina watakupa wao. Wewe utasema, yeye ataonekana. Mshahara ule ule, na hutasafiri. Unafundishia hapo hapo nyumbani."

Bibi aliinua macho. Kazi ya hoteli ilikwisha agwa, na wote watatu walijua hilo.

"Na mtoto akiniuliza, mwalimu, wewe unatoka wapi?" Shangazi aliuliza.

"Utabuni."

"Kila siku?"

"Kila siku. Ndiyo mwendo ulioanza nao, dada. Picha si ulileta mwenyewe?"

Shangazi alimtazama Chiriku. Hakumtaja. Chiriku aliona jinsi uongo wake ulivyogeuka kamba mikononi mwa mtu mwingine, na sasa kamba hiyo ilikuwa inamfunga Shangazi. Hakuvumilia.

"Nilituma mimi!" alipaza sauti. "Shangazi hakujua lolote! Yeye hasemi uongo!"

 Wakala akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Mtoto ana moyo. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, dada. Hata mimi niliinama nilipofika huku."

"Pole, kaka," Shangazi alisema, na alimaanisha. "Kuinama najua, kila siku naiinamia pasi. Lakini wewe huniambii niiname. Unaniambia nitoweke. Siwezi kumfundisha mtoto kusema 'hili ni jina langu' huku langu nimelificha. Asante."

Akakata simu. Bibi alishusha pumzi ndefu. "Na ugali je, mwanangu?"

"Kesho nitarudi kuomba, Mama."

Kesho yake ilikuwa siku ya mapumziko ya shule, na Shangazi alimchukua Chiriku hadi hotelini. Hakumwambia kwa nini. Msimamizi wa chumba cha kufulia, mama mnene mwenye ufunguo shingoni, aliwapokea kwa mikono kiunoni.

"Kumbe! Si ulituaga wiki iliyopita kama malkia? Ndege imepasuka gurudumu?"

Wafanyakazi wakacheka. Shangazi alisubiri wamalize. "Sikupata ile kazi. Naomba nafasi yangu, kama bado ipo."

"Ya pasi imekwisha pata mtu. Ipo ya kupambanua mashuka machafu."

"Naishukuru."

Chiriku alitazama lile rundo la mashuka yenye madoa, likinuka jasho la wageni, akaelewa kwa nini ameletwa. Hakuna aliyemkaripia. Alikunja mikono ya nguo yake, akasaidia kupambanua mpaka msimamizi alipomwambia watoto hawaruhusiwi humo, atoke.

Jioni Shangazi alikaa kwenye meza ya kupigia pasi akaandika barua, si kwa wakala bali kwa mwalimu mkuu mwenyewe. Alimaliza, akamsomea Chiriku kwa sauti ili naye ajifunze. Ilisema kwamba picha ile haikuwa sura yake, na aliomba radhi kwa hilo. Ilisema pia kwamba mwalimu waliyemsikia kwenye simu na kumsifu ndiye yeye, hakuna mwingine. Na ilimalizia hivi: "Kama mnataka kunipima, nipeni darasa moja, mfungue skrini, wanafunzi wenu wanione na kunisikia. Kisha waulizeni wao kama wamejifunza. Huo mkataba naurudisha bila sahihi, kwa kuwa uliandikiwa mtu asiyekuwapo."

Chini yake Chiriku aliandika mistari yake kwa Kiingereza, akieleza alichofanya. Alifuta na kuandika upya hadi karatasi ikakaribia kutoboka.

"Shangazi, tutie na picha yako ya kweli?"

"Ya nini? Wameshaniona."

Kisha Shangazi alimvuta mtoto karibu. "Sikiliza, mwanangu. Hapa waliokosa ni wawili. Wao walikosa walipopima Kiingereza kwa rangi ya ngozi. Hilo ni kosa lao, wala usilibebe wewe. Wewe ulikosa ulipokubaliana nao. Ulipofuta uso wangu uliwaambia, 'Ni kweli, huyu hafai alivyo.' Tena ukawapa kisingizio. Jana walipaswa kuona haya kwa kunikataa kwa sababu ya sura yangu, lakini wewe uliwapa sababu ya kuniita mdanganyifu. Anayeonewa akishika uongo, anamkabidhi mwonevu fimbo. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Shangazi. Na wasipojibu?"

"Wasipojibu, watakuwa wameusoma ukweli. Nami nitaomba kwingine, kwa uso huu huu."

Siku iliyofuata, baada ya shule, walikwenda posta pamoja. Shangazi aliukunja mkataba, akauingiza katika bahasha pamoja na barua. Chiriku aliilamba gundi, akahisi uchungu wake ulimini, akabana ukingo kwa kidole gumba kutoka mwanzo hadi mwisho pasiwe na upenyo. Karani aliipima, akabandika stempu, akaigonga muhuri, kisha akaitupa katika mfuko wa barua za ng'ambo.