Gunia la Kiti cha Nyuma

Asubuhi ya kwanza baada ya kufungwa shokapu, Évode aliikuta pikipiki imedidimia nyuma. Haikudidimia sana. Ilikaa tu vile inavyokaa pikipiki yenye abiria mmoja mtulivu, anayemsubiri dereva amalize chai yake. Évode akaizunguka. Hakuna mtu, hakuna mzigo. Akapapasa kiti cha nyuma. Kilikuwa baridi, na kiganja chake kikarudi na harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi.

"Springi zinajizoeza," akajiambia, akaenda kupanga foleni ya petroli.

Alikuwa amechoka. Mwaka ule wa pili wa vita vya kaskazini kila mtu Kigali alikuwa amechoka, hata waliolala usiku kucha, na mtu aliyechoka hujiambia lolote ili asigeuke kuangalia mara ya pili. Mungu atusamehe, wengi wetu tunaishi hivyo.

Pikipiki ilikuwa ya bosi wake wa mtaa wa Kiyovu, Mzungu wa mambo ya kilimo ambaye Évode alimwendeshea gari. Vita vilipoanza Mzungu alirudi kwao, akamwachia dereva wake chombo hicho kizito: kifupi, kipana, usukani juu, cha kuendesha umejilaza kama uko barazani kwako. Mtaa wake mzima wa Rwezamenyo ulimcheka. "Évode, umeleta ng'ombe?" Hakujali. Alikitaka kwa ajili ya mke wake tu.

Donatille alikuwa na mimba, baada ya nyingine zote kuharibika. Masista wa zahanati walimwambia aje kila wiki, asipande milima kwa miguu, tena asitikiswe. Asitikiswe, kwa barabara zile! Shokapu za zamani zilikuwa zimevuja oili yote. Kila shimo nyuma kuligonga ngu, chuma kwa chuma, na Donatille alishika tumbo bila kusema neno. Kule kunyamaza kwake ndiko kulikompeleka Évode kwa fundi Bizimana.

Bizimana alitandika jozi tatu chini. "Sikiliza, sha. Hata kiatu unajaribu kwanza. Hizi iko mpya, lakini springi nene, za kubeba makaa. Mama atasikia mpaka punje ya mchanga. Hizi ndefu sana, zitainua mkia, stendi haitagusa chini. Hizi za tatu zilitoka kwenye pikipiki nyingine, zimetumika, lakini tazama fimbo yake inavyong'aa, haina mkwaruzo, haina oili nje. Hizi laini."

"Basi nipe hizo."

"Laini kwa nani? Lazima nikaze springi kwa uzito wa mtu. Mlete mama akae."

Évode akatikisa kichwa. Kwao mwanamke mwenye mimba hapimwi kama mzigo. Wazee walisema ukiipima mimba umeipimia sanda.

"Haya, leta gunia la udongo la uzito wake. Hata mabwana wakubwa nawafanyia hivyo."

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lilikuwa dogo, kama makosa yetu mengi yalivyo madogo wakati wa kuyafanya. Hakuwa na jembe. Nyuma ya gereji kulikuwa na ukuta wa makaburi, na ng'ambo ya ukuta kaburi lilikuwa limechimbwa, mwenyewe bado hajaletwa. Udongo ulikuwa umelundikwa pembeni, mwororo, wa kuchota kwa mikono. Évode akatazama huku na huku, akachota, akajaza gunia. Akalifunga kwenye kiti cha nyuma kwa kitenge cha mke wake lisiteleze.

Bizimana akacheka. "Karibu mama! Jina nani?"

"Donatille," Évode akajibu, naye akacheka, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Na kiti hiki ni chake. Mwingine hakai."

Wakazunguka hadi msikitini na kurudi. Laini, kama godoro. Kisha Évode akamwaga udongo mtaroni, akakunja kitenge, akaenda nyumbani kwa furaha.

Donatille alipopanda, hawakufika hata kwenye kona.

"Évode, sogea mbele. Tumebanana."

"Nimesogea, sheri. Niko karibu juu ya tangi."

Donatille akageuka kidogo. "Sasa nani ameweka magoti mgongoni mwangu?"

Évode akasimamisha pikipiki. Wakarudi wakiisukuma, mke akitembea mbali nayo.

Bizimana akakaza springi mpaka jino la mwisho. Pikipiki ikadidimia vile vile. Akazitoa, akafunga zile ngumu za kubebea makaa. Alikandamiza mkia kwa mikono miwili, ukashuka, ukapanda, ukatulia kama inavyotakiwa. Akageuka kufuta mikono. Nyuma yake springi zikalia kwiii, na mkia ukashuka polepole, kama mtu mzito anayekaa kwa uangalifu asijiumize.

"Évode," fundi akanong'ona, wala hakugeuka. "Mimi shokapu nazijua. Hii si ya shokapu."

Jioni ile mvua ilinyesha, na kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kuiweka, pikipiki ililala chini ya paa, upande wa pili wa ukuta wa chumba chao, na kabla hata giza halijakamilika zikaanza zile springi, kwiii, zikashuka, kwiii, zikapanda, taratibu, bila kuchoka wakati wenye nyumba wamechoka, si kama chuma kinachosukumwa na upepo bali kama kiti ambacho mwanamke amekikalia akiwa na kitu mapajani, na harufu ya udongo ikapenya chini ya mlango ikapanda mpaka kwenye shuka, na Évode akashika rozari akasali akasahau alipofika, akaanza tena, akasahau tena.

"Mtoto anacheza?" akauliza kwa sauti ya chini.

Donatille alikuwa na mkono tumboni. "Springi zikilia, ananyamaza."

"Amelala tu."

"Huyo wa kwenye kiti anambembeleza, Évode. Anambembeleza mtoto wangu, na mtoto anamsikiliza."

Kesho yake mtoto hakucheza kabisa. Sista alisikiliza kwa muda mrefu, akasema moyo upo lakini uko mbali, kama unapiga nyumba ya jirani. Padri alimwambia Évode aungame na kusali. Akaungama hasira, akaungama pombe. Udongo hakuutaja, alijiambia kuwa udongo si dhambi.

Ndipo Bizimana alipomleta Mwalimu Karangwa, aliyefundisha watoto Kurani mtaani. Alikuja baada ya sala ya alasiri, akavua viatu, akamketisha Donatille kwenye mkeka, akasoma juu ya beseni la maji. Alisoma mpaka sauti ikakauka. Mwishowe Donatille akafungua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu mwenye vumbi kooni.

"Niliitwa kwa jina. Nikapewa kiti. Kosa langu nini?"

"Aliyekupa hakuwa na haki ya kutoa," Mwalimu akasema. "Shuka."

"Nishuke niende wapi? Nyumba yangu mmeimwaga mtaroni."

Mwalimu akafuta jasho, akamgeukia Évode. "Bwana, ule udongo ulitoka wapi? Lazima urudi ulipotoka, na uombe radhi hapo hapo. Bila hivyo nasoma bure."

Évode akawatazama. Mke wake, macho meupe. Bizimana, aliyemwamini. Wanawake wa jirani waliojaa mlangoni, ambao kabla ya usiku wangeupeleka mtaa mzima ule uvumi kwamba Évode aliiba udongo wa maiti kumpimia mke wake.

"Pale wanapojenga," akasema. "Karibu na msikiti."

Mwalimu akamkazia macho. "Basi rudisha pale."

Évode akakwangua mtaro, akajaza gunia, akaupeleka udongo mahali ambapo haukuwa na wenyewe, akaomba radhi kwa matofali. Bizimana akaifungua pikipiki yote, kila kipande peke yake. Vyuma vikakaa kimya. Siku ya tatu Donatille akapiga kelele jikoni, na Évode alipokimbia alimkuta anacheka na kulia pamoja: mtoto alikuwa amempiga teke.

Kwa hiyo akaamini imekwisha. Kila Jumapili alipokea komunyo, na ule uongo ulikuwa pale pale, chini ya ulimi.

Uchungu ulianza usiku, wakati ambapo, kwa sababu ya vita, hakuna ruhusa ya kutoka nje. Walingoja kuche. Kulipokucha hakukuwa na gari lenye petroli, hivyo majirani wakaleta ingobyi, machela ya kusukwa inayobebwa mabegani kwa miti miwili, kama wagonjwa wanavyobebwa vijijini. Mbele walishika Silvère na Mugenzi, majirani wa ukuta mmoja. Nyuma, Bizimana na Évode.

Walitembea vizuri mpaka mteremko wa kwanza. Kisha miti ikaanza kulia.

"Jamani," Silvère akasema akihema, "huyu mama si ni mwembamba? Mbona nimebeba harusi nzima?"

"Nyamaza ubebe," Mugenzi akamjibu, lakini naye alikuwa anainama chini ya mti.

Miti ikapinda, nyuma kuliko mbele. Bega la Évode likashuka, likashuka tena, mpaka machela ikakaribia matope. Wakaitua. Donatille alikuwa amefumba macho, ameshika tumbo, na tumbo lilikuwa limenyamaza.

Évode akapiga magoti pale pale barabarani.

"Nilidanganya," akasema mbele yao wote. "Udongo niliuchota makaburini. Kwenye kaburi lililokuwa linamngoja mwenyewe. Niliogopa mtanicheka. Donatille, nisamehe. Nitakwenda sasa hivi, nitaurudisha kwa mikono yangu."

Bizimana akashika kichwa. Mvua nyembamba ikaanza.

Donatille hakufumbua macho. Sauti yake ilikuwa yake mwenyewe, ya mtu aliyechoka tu.

"Nilijua, Évode. Yule wa kitini aliniambia siku ile ile. Huna wakati wa kwenda kokote sasa. Beba. Tumechoka, mimi na yeye."

Hakuna aliyekimbia. Walikuwa wamechoka mno kukimbia, na mtoto alikuwa njiani. Silvère akapiga ishara ya msalaba, Bizimana akasoma dua kwa sauti, wakainama, wakainua.

Mzigo ukawa mwepesi.

"Mungu asifiwe," Mugenzi akasema mbele, karibu kulia. "Mmeona? Mungu asifiwe!"

Kwenye mti wa Évode, kando ya mkono wake, pale ambapo hapakuwa na mbebaji, alihisi vidole vingine, baridi, vyenye udongo, vimeshika pamoja naye, vikiivuta machela kuelekea zahanati kwa haraka kuliko wao.