Maji ya Dumu la Bluu

Kila asubuhi ya likizo ile ya mwaka 1986, Natalia alipotoka nje kunawa uso alimkuta dada yake Genoveva ameshakaa kwenye kigoda, daftari magotini. Genoveva alikuwa mwaka wa pili wa Chuo Kikuu huko Dar es Salaam, akisomea udaktari. Somo lililomnyima usingizi lilikuwa la ubongo na mishipa ya fahamu. Akirudi chuoni, mtihani wake ungekuwa wa kwanza.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Njoo uone. Hii ni mishipa kumi na miwili inayotoka kwenye ubongo. Huu wa saba ndio unaokufanya utabasamu. Huu wa kumi unashuka mpaka moyoni na tumboni."

"Na unaikumbuka yote?"

"Naichanganya kila siku," Genoveva alisema akicheka.

Mama alichungulia mlangoni. "Na mshipa wa kuchota maji ni wa ngapi? Natalia, jua linapanda!"

Natalia alichukua dumu na kuondoka mbio. Alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita. Kijiji chao kilikuwa ukingoni mwa shamba la ngano la serikali, mwendo wa saa moja kwa gari kutoka Katesh. Baba yao, Tluway, aliendesha mashine ya kuvuna, na msimu wa mavuno alilala kambini shambani. Nyumbani walibaki mama, Genoveva, Natalia na mdogo wao Sulle, mwenye miaka mitano.

Kwenye mteremko wa kisima Natalia aliteleza. Dumu liligonga jiwe na kupasuka kutoka shingoni mpaka chini. Alilishika mikononi akilitazama. Lilikuwa dumu lao pekee, na wiki iliyopita mama alikuwa amemkanya kukimbia nalo.

Ndipo akakumbuka shimo la takataka nyuma ya uzio wa shamba. Watoto wote walilijua, na wote walikatazwa kulikaribia. Alipita chini ya waya, akatazama huku na huku. Miongoni mwa magunia na vyuma chakavu kulikuwa na dumu la bluu, zima, lenye kifuniko chake. Ubavuni lilikuwa na picha ya fuvu la kichwa na mifupa miwili, na chini yake picha ya mdudu na maandishi.

Natalia alijua maana ya fuvu lile. Mwalimu Felician aliwahi kulichora ubaoni. Lakini dumu lilionekana tupu, tena kisima kilikuwa karibu. Alilisuuza mara moja, akasugua picha na maandishi kwa mchanga mpaka vikafutika, akajaza maji.

"Hili dumu umelitoa wapi?" mama aliuliza alipofika.

"La kwetu limepasuka. Hili nimepewa na mke wa Mwalimu Felician."

"Mungu ambariki. Nitampelekea maharage." Mama alichukua jembe akaenda shambani, nyuma ya nyumba. Natalia aliliweka dumu kivulini, akaenda kuokota kuni. Alijiambia kwamba jioni atalisuuza tena, vizuri zaidi.

Alikuwa ndiyo kwanza amefunga mzigo. Alisikia mama akipiga kelele, akautupa mzigo wa kuni na kurudi mbio.

Sulle alikuwa amelala chini mlangoni. Mate yalimtoka mdomoni kama povu, machozi yalimtiririka, na nguo yake ilikuwa imelowa jasho na mkojo. Misuli ya mikono na mashavu ilimchezacheza chini ya ngozi. Pembeni yake kulikuwa na kikombe kitupu. Jirani yao, Bibi Juliana, alikuwa amesimama mbali, akiwazuia watu kwa fimbo.

"Ni kifafa! Msiguse hayo mate, yataambukiza!"

"Kifafa hakiambukizi, bibi," Genoveva alisema. Alikuwa amepiga magoti, amemlaza Sulle kwa ubavu ili mate yasimpalie. Alimfungua jicho kwa kidole, kisha la pili. "Mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano, na mwili wote unatoa maji. Hii nimeisoma. Inafanana na sumu ya mishipa ya fahamu. Amekula nini? Amenywa nini?"

"Alikula ugali na maziwa kama sisi," mama alisema akilia. "Labda ni malaria imepanda kichwani."

"Subiri, mama. Ngoja nifikirie." Genoveva aliinama tena juu ya Sulle. "Sijawahi kumwona mgonjwa wa hivi. Nimesoma tu. Nikikosea, watamtibu ugonjwa ambao hana. Natalia, ulimwona akichezea kitu?"

Natalia alilitupia jicho dumu kivulini. Alitikisa kichwa kukataa.

Mama alikuwa ameingia kivulini, penye dumu. Alirudi na kikombe kilichojaa. "Anywe maji kwanza, koo limemkauka kwa kuhangaika."

Kikombe kilikuwa karibu na midomo ya Sulle. Natalia aliruka, akakipiga kwa mkono. Maji yalimwagika yote mavumbini.

"Msimpe! Ni maji!" alipiga kelele. "Dumu sikupewa! Nimelitoa kwenye shimo la shamba. Lilikuwa na fuvu, nikalifuta!"

Bibi Juliana aliishusha fimbo yake. Mama alimtazama kana kwamba hamjui.

Genoveva ndiye aliyezinduka kwanza. "Sawa. Sasa najua. Bibi Juliana, tunaomba maji ya kwako na sabuni. Mama, mvue nguo tumwoshe, huenda maji yamemwagikia mwilini. Asipewe kitu mdomoni, hata maziwa. Natalia, hilo dumu usilishike kwa mikono mitupu, litie kwenye gunia. Kisha kimbia barabarani. Lori lolote la ngano, lisimamishe."

Natalia alikimbia. Alisimama katikati ya barabara akipunga kanga ya mama kwa mikono miwili. Lori lililokuja lilikuwa limejaa magunia, na dereva alipiga honi mara tatu kabla ya kushika breki.

"Unataka kufa?" alifoka. Alikuwa Isidori, aliyefanya kazi na baba yao.

"Shikamoo! Sulle amekunywa sumu ya shambani. Tafadhali!"

Isidori hakuuliza zaidi. Aliligeuza lori mpaka nyumbani kwao.

Njiani kuelekea Katesh, Sulle alipumua kwa shida, kifua kikikoroma kama chungu kinachochemka. Mama alimpakata, akiomba rozari bila kutoa sauti. Genoveva alihesabu pumzi kwa saa yake ya mkononi. Natalia alibanwa mlangoni na gunia miguuni.

"Dada, sumu inamfanya nini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Genoveva hakuondoa macho kwenye kifua cha Sulle. "Mshipa wa fahamu haugusi msuli. Kuna nafasi ndogo sana katikati, na mshipa hutuma ujumbe kwa kumwaga kemikali pale. Msuli ukishatii, kemikali ile hufutwa mara moja ili msuli upumzike. Sumu hii inamuua yule mfutaji. Ujumbe unabaki palepale, unaamuru tu. Mate yatoke. Jasho litoke. Msuli ucheze. Mwisho misuli ya kupumulia inachoka."

"Inachoka halafu?"

Genoveva aliitazama tena saa yake. Alimwambia Isidori aongeze mwendo.

Kwenye kituo cha afya, tabibu wa zamu aliitwa Basili. Siku hiyo alikuwa ameshapokea watoto wanne wenye malaria kali. Alimtazama Sulle, akageuka kumwagiza muuguzi alete dripu ya kwinini.

"Shikamoo, tabibu. Si malaria," Genoveva alisema. "Ni sumu ya kuua wadudu. Naomba utazame mboni zake. Anahitaji atropini ya kuipinga sumu."

"Wewe ni daktari?"

"Hapana. Ni mwanafunzi, mwaka wa pili."

Basili alilifungua gunia, akalizungusha dumu. "Halina hata herufi moja. Atropini si dawa ya kubahatisha, binti. Nani anajua lilikuwa na nini?"

Natalia alijua. Kumwambia mama kulikuwa kugumu. Kumwambia mtu huyu mwenye koti jeupe, mbele ya wagonjwa wote, kulikuwa kugumu zaidi. Akasogea mbele.

"Mimi, tabibu. Nimelitoa kwenye shimo la shamba la ngano. Lilikuwa na fuvu, na chini ya fuvu kulikuwa na picha ya mdudu. Nimeifuta mwenyewe kwa mchanga."

Basili alimtazama machoni, kisha akainama kwa Sulle na kumulika mboni zake kwa tochi. "Leteni atropini," alisema. "Haraka."

Sindano ya kwanza haikubadilisha kitu. Baada ya dakika chache walichoma ya pili, kisha ya tatu. Natalia alikaa sakafuni, mgongo ukutani, akisikiliza mkoromo ule. Baada ya ya nne mate yalianza kupungua. Kifua kikanyamaza, na kwa kitambo kifupi cha kutisha alidhani kimenyamaza kabisa. Kisha akaona blanketi likipanda na kushuka, polepole. Mpaka saa kumi jioni Sulle alikuwa amemtambua mama yake na kulalamika kwamba mdomo umekauka.

Baba alifika kesho yake asubuhi, nguo zikiwa bado na vumbi la ngano. Natalia hakungoja aulizwe. Alimweleza kila kitu, kuanzia dumu lililopasuka.

"Dumu lingepasuka hata mara kumi, ningekukaripia na yakaisha," baba alisema. "Ulipoficha dogo, ukalazimika kuficha kubwa. Tutakwenda wote kwa meneja. Utamwonyesha shimo, na utasema mwenyewe ulivyolitoa dumu."

Walikwenda. Meneja alisikiliza mpaka mwisho. Wiki hiyohiyo madumu yote yalitobolewa na kufukiwa, na Mwalimu Felician akawaeleza wanafunzi kwa nini chombo cha sumu hakiwi cha maji hata kikioshwa mara mia.

Siku ya kumtoa Sulle kituoni, Natalia na Genoveva walikaa kwenye benchi wakimngoja mama.

"Ni wewe uliyemwokoa, dada," Natalia alisema. "Mimi ndiye niliyetaka kumuua."

Genoveva alimshika mkono. "Hukutaka kumuua. Ulitaka usikaripiwe. Lakini sikiliza, na usisahau. Miaka miwili nimesoma ubongo na mishipa yake, na siku ile nilipiga magoti mbele ya Sulle nikawa sijui la kufanya, kwa sababu jibu nililolihitaji halikuwa kitabuni. Lilikuwa kwako. Elimu yote ya daktari huanza na kuuliza nini kimetokea. Asipojibiwa kweli, hana elimu. Ulisema ukiwa umechelewa, lakini ulisema. Siku nyingine usingoje kikombe cha pili."